Kasoro Yenye Kazi: Mwongozo Kamili wa Kujaribu Lenzi na Filta za Zamani katika Picha za Mazingira ya Asili

Anayenunua lenzi ya zamani akitarajia picha kali kuliko za lenzi ya leo atapoteza fedha na kuilaumu lenzi bure. Lenzi za kisasa zimesahihishwa mpaka zinakaribia kufanana. Za zamani hazifanani, maana kila moja ina mahali pake pa kukosea. Hii huzungusha mandharinyuma kama maji yaliyokorogwa, ile hugeuza kila tone la umande kuwa kiputo cha sabuni, nyingine hufifisha picha nzima mara jua linapoigusa usoni. Ukishajua yako inakosea wapi, kazi inayobaki ni kutafuta jani, tone au mwanga utakaonufaika na kosa hilo.

Kwa hiyo mpangilio wa mwongozo huu ni kupata lenzi, kuifunga, kuipima, na baada ya hapo kuingia nayo porini. Filta nimeziweka mwisho kwa makusudi. Ukizichanganya na lenzi usiyoijua, hutatambua athari ipi imetoka wapi.

Hatua ya 1: Anza na lenzi moja tu

Nashauri iwe na urefu wa fokasi wa milimita 50 hadi 58. Lenzi za namna hii ndizo zilizouzwa pamoja na kamera za filamu, zikatengenezwa kwa wingi mno, na muundo wake ni mwepesi kufungua na kusafisha. Tundu lake pia ni kubwa, f/2 au f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo tundu ni kubwa), na tundu likifunguliwa lote ndipo kasoro zote hujitokeza.

Inayotajwa zaidi ni Helios 44-2, milimita 58 na f/2, iliyotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti kwa kufuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss Jena. Umaarufu wake umetokana na mandharinyuma yanayozunguka. Ukitaka viputo, tafuta lenzi ya vioo vitatu. Trioplan ya milimita 100, f/2.8, ya Meyer-Optik Görlitz ndiyo iliyojijengea jina, lakini ndugu yake mdogo Domiplan ya milimita 50 nayo ina vioo vitatu, nayo huchora viputo. Baada ya hapo, lenzi ya pili yenye manufaa ni ya milimita 135, f/2.8 au f/3.5, kwa maua na wadudu wasiopenda kusogelewa. Zumu za kale ziache kwanza. Nyingi ni nzito na hazina kasoro yenye sura. Picha zake hufifia tu.

Jambo moja la kujua kabla hujashtuka ni kwamba baadhi ya lenzi za miaka ya 1960 na 1970, kama Super-Takumar ya milimita 50 f/1.4 katika toleo lake lenye vioo saba, zina kioo chenye thoriamu. Thoriamu hutoa mionzi hafifu, na kwa miaka mingi hukifanya kioo kiwe cha manjano kama chai nyepesi. Kupiga nayo picha hakuna shida, ila usikivunje wala kukisaga kioo hicho. Manjano yake hupungua lenzi ikikaa kwenye mwanga wa urujuanimno, hata wa jua la dirishani, kwa siku kadhaa au wiki. Ziba nyuma yake kwa karatasi ya aluminiamu na usiiache bila mtu kuiangalia. Lenzi iliyoelekezwa juani ni kiwashio cha moto.

Hatua ya 2: Ikague kwa tochi, usiikague kwa macho matupu

Fungua tundu lote, elekeza tochi upande wa nyuma, kisha chungulia kwa mbele ukiigeuzageuza. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu. Utandu mweupe ulioenea sawasawa ni ukungu wa mafuta yaliyovukizwa kutoka kwenye grisi ya ndani. Madoa yenye rangi za upinde wa mvua karibu na ukingo huonyesha kuwa gundi inayounganisha vioo viwili imeanza kuachia. Vumbi la ndani lisikusumbue. Lenzi zote za umri huo zinalo, na halionekani kwenye picha.

Mkwaruzo wa kioo cha nyuma ni mbaya kuliko wa mbele, kwa sababu kioo cha nyuma kiko karibu na sensa, yaani kipokea mwanga cha kamera. Mkwaruzo mdogo wa mbele unaweza hata usiuone, isipokuwa unapopiga kuelekea jua.

Halafu zungusha pete ya tundu mara kumi na uangalie vibapa vinavyolifunga. Vikiwa vinang'aa kwa mafuta au vinachelewa kurudi, lenzi itahitaji kusafishwa. Zungusha pete ya fokasi toka mwanzo hadi mwisho. Iwe nzito kidogo na laini, isikwame wala kulegea. Mimi niliwahi kununua lenzi nzuri sana kwa nje, pete zake laini kama siagi, nikasahau tochi mfukoni. Nyumbani nikakuta ukungu wa mafuta kwenye kioo cha katikati. Nilikasirika kwa wiki nzima. Siku hizi naitumia kwa picha za alfajiri, maana hufanya kila kitu kionekane kama kimepuliziwa pumzi.

Hatua ya 3: Adapta, na hesabu ndogo ya milimita

Kila mfumo wa kamera una umbali wake kati ya kitako cha lenzi na filamu au sensa. Ukiufahamu umbali huo, hutahitaji kumuuliza muuzaji lolote. Lenzi za skrubu za M42, yaani kipenyo cha milimita 42, zinahitaji milimita 45.46. Canon FD inahitaji 42, Minolta ya kale 43.5, Olympus OM 46, Nikon F 46.5.

Kamera zisizo na kioo cha kuakisi picha ndani (mirrorless) zina umbali mfupi sana. Sony E ni milimita 18, Canon RF 20, Fujifilm X 17.7, Nikon Z 16. Kwa hiyo adapta ni bomba tupu linalojaza pengo. Lenzi ya M42 kwenye Sony E inahitaji bomba la milimita 27.46, basi. Halina kioo wala umeme, na ndiyo maana karibu lenzi yoyote ya zamani hukaa kwenye kamera hizi.

Kwenye kamera zenye kioo hicho kinachoruka unapobonyeza (SLR na DSLR), mambo ni magumu zaidi. Canon EF ina milimita 44, hivyo M42 inabakiwa na nafasi ya milimita 1.46, inayotosha adapta nyembamba. Nikon F ina 46.5, ndefu kuliko ile M42 inayoitaka. Lenzi itafanya kazi kwa vitu vya karibu lakini haitafika kwenye milima ya mbali, labda adapta iwe na kioo cha kusahihisha, nacho mara nyingi hupunguza ubora. Kama nia yako ni maua na wadudu pekee, usijali hata kidogo. Kwenye kamera ya kioo yenye sensa kamili, yaani yenye ukubwa wa fremu ya filamu, angalia pia kioo kisigonge kitako cha lenzi kinachochomoza. Fungua shata, yaani pazia la kamera, kwa mara ya kwanza fokasi ikiwa karibu, kisha sogea polepole kuelekea mbali huku ukisikiliza.

Mambo mawili huwachanganya wengi. La kwanza, adapta nyingi hutengenezwa fupi kidogo ili lenzi isishindwe kufika mbali kabisa. Matokeo yake ni kwamba alama ya mwisho kwenye pete si mwisho wa kweli. Ukiizungusha hadi ikome, milima itatoka na ukungu. Amini skrini, usiiamini alama. La pili, lenzi nyingi za M42 zina kipini kidogo nyuma kinachofunga tundu kikibonyezwa. Bila kubonyezwa tundu hubaki wazi daima hata ukizungusha pete. Tafuta swichi ya A na M ubavuni uiweke kwenye M, na kama haipo, nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaokikandamiza kipini hicho.

Mwisho, sensa ndogo hukata kingo. Kwenye sensa ya APS-C, iliyo ndogo kuliko sensa kamili kwa kipimo cha 1.5, lenzi ya milimita 58 huona kama ya 87. Kwa sura za maua hiyo ni faida. Kwa mzunguko wa Helios ni hasara, kwa sababu mzunguko hukaa kwenye kingo na kingo ndizo zinazokatwa. Wengi wanaolalamika kwamba Helios yao haizungushi wamekutwa na hilo.

Hatua ya 4: Iandae kamera

Ingia kwenye menyu uruhusu kamera ipige bila kutambua lenzi. Kamera nyingi hukataa mpaka uwashe chaguo hilo. Kama mwili wa kamera una kitulizaji cha mtikisiko, andika urefu wa fokasi wa lenzi kwa mkono, na ukibadilisha lenzi ubadilishe namba. Namba isiyo sahihi huweza kuharibu picha kuliko kukizima kitulizaji. Weka hali ya A au Av, ambapo wewe unazungusha tundu kwenye lenzi na kamera inachagua kasi ya shata. Hifadhi faili za RAW, yaani faili ghafi ambazo kamera haijazichakata.

Kwa fokasi, washa rangi inayochora kingo zilizo kali, lakini usiitegemee peke yake. Kwenye f/2 rangi hiyo huenea kuliko ukali wenyewe. Weka kitufe kimoja cha kukuza picha kwenye kitafutio, kikuze hadi mara tano au kumi, kisha lenga. Kwa mdudu au ua la karibu, acha kuhangaika na pete. Iweke kwenye umbali unaoutaka, kisha sogeza mwili wako mbele na nyuma taratibu, ukibonyeza pale jicho la mdudu linapokuwa kali. Piga tatu au nne mfululizo. Upepo na pumzi yako vitaharibu mbili.

Hatua ya 5: Alasiri moja ya vipimo

Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Tenga saa mbili, beba stendi ya miguu mitatu, na utafute mti wenye majani madogo yanayopenyeza anga.

*Kipimo cha kwanza, tundu.* Weka tawi moja umbali wa mita moja na nusu, majani mengine yakiwa mbali nyuma yake. Bila kusogeza kamera, piga kwa f/2, f/2.8, f/4, f/5.6, f/8 na f/11. Kamera haitaandika namba hizo kwenye faili kwa sababu haiijui lenzi, basi ziandike kwenye karatasi, au kabla ya kila picha piga vidole vyako: kimoja kwa f/2, viwili kwa f/2.8, na kuendelea. Nyumbani utaona mahali tabia ya lenzi inapokufa. Kwa Helios, mzunguko karibu wote huwa umetoweka ukifika f/4. Lenzi nyingi za kundi hili hufikia ukali wao wa juu kati ya f/5.6 na f/8, kisha f/16 huanza kulainisha picha tena kwa sababu mwanga hutawanyika kwenye tundu dogo.

*Kipimo cha pili, umbali.* Rudi kwenye f/2. Piga tawi lilelile kutoka nusu mita, mita moja, mita mbili, mita tatu. Mzunguko hauji popote tu. Chanzo chake ni kwamba bomba la lenzi hukata sehemu ya mwanga unaoingia kwa mshazari, hivyo duara la mwanga katikati ya picha hubaki duara, lakini kadiri linavyokwenda pembeni hubanwa na kuwa umbo la ndimu. Ndimu hizo zote hujipanga kuzunguka kitovu, na jicho huziunganisha likaona mzunguko. Bila vidoa vingi vya mwanga nyuma hakuna cha kupangwa. Ukuta wa kijani usio na mapengo hautakupa chochote.

*Kipimo cha tatu, viputo.* Chukua kitu chenye nuru ndogondogo, kwa mfano nyasi zilizonyunyiziwa maji jua likiwa nyuma yake, na ulenge mbele ya nyasi hizo, kisha nyuma yake. Lenzi yako ikichora duara lenye ukingo mkali upande mmoja, kuna uwezekano mkubwa upande wa pili itachora doa laini lisilo na ukingo. Andika upande upi ni upi. Ukishajua, utaweza kuchagua kama umande uwe mbele au nyuma ya ua.

*Kipimo cha nne, jua.* Weka jua nje kidogo ya fremu, juu kushoto, kisha liingize taratibu. Uso wa kioo usiopakwa dawa ya kupunguza mng'ao hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Helios 44 ina vioo sita katika makundi manne, yaani nyuso nane zinazokutana na hewa. Bila dawa zaidi ya robo ya mwanga ingepotea njiani, na sehemu yake ingezurura ndani ya lenzi na kufunika vivuli kwa weupe. Alexander Smakula wa Zeiss alibuni upakaji wa dawa hiyo mwaka 1935, lakini kwa muda mrefu lenzi zilipakwa tabaka moja tu. Tabaka nyingi zilienea kuanzia miaka ya 1970. Ndiyo maana lenzi ya mwaka 1965 hufifia vizuri kuelekea jua na ya mwaka 1985 hufifia kidogo. Tafuta pembe ambayo mng'ao unakuwa pazia jepesi bila kuzima kitu unachokipiga. Sentimita mbili za kusogeza kamera hubadilisha kila kitu, na kiganja chako juu ya lenzi ni kizuizi tosha.

Onyo: kwenye kamera ya kioo usichungulie jua kwa jicho kupitia lenzi, na kwenye kamera isiyo na kioo usiache lenzi iliyofunguliwa f/2 ikilitazama jua kali kwa muda. Mwanga uliokusanywa huweza kuchoma shata au sensa.

Hatua ya 6: Sasa nenda porini na kasoro moja

Chagua kasoro moja kwa kila safari. Siku ya viputo, toka kabla jua halijapanda, umande ukiwa bado kwenye nyasi, ukae chini kabisa jua likiwa mbele yako kwa mshazari. Siku ya mzunguko, tafuta uyoga, ua au jani moja lililosimama katikati, huku nyuma kukiwa na dari ya majani yenye mapengo. Kiweke kitu hicho karibu na kitovu cha picha. Kanuni ya kugawa fremu kwa tatu haina nguvu hapa, kwani mzunguko wenyewe unaelekeza jicho katikati, na lenzi hizi kwenye f/2 ni dhaifu pembeni. Siku ya mng'ao, manyoya ya mbegu, utando wa buibui na mabawa ya kereng'ende ndiyo marafiki zako.

Lenzi za kioo-duara, zile za milimita 500 na f/8 zinazotumia vioo vya kurudisha mwanga, ni za kipekee. Ni fupi na nyepesi kwa urefu wake, hazina tundu la kurekebisha, na kila nuru iliyo nje ya fokasi huwa pete yenye shimo katikati, kwa sababu kioo cha pili kimeziba kitovu. Ndege kwenye tawi mbele ya vichaka huharibiwa na pete hizo. Ndege majini jua likimeta kwenye mawimbi huzungukwa na pete za dhahabu. Lenzi ni ileile. Kilichobadilika ni nyuma yake.

Hatua ya 7: Kukaribia zaidi

Lenzi ya zamani ina pete yake ya tundu, hivyo inapokea mirija tupu ya kuirefusha bila kupoteza udhibiti wa tundu. Ukuzaji unaoongezeka ni urefu wa mrija kugawanya kwa urefu wa fokasi. Mrija wa milimita 25 nyuma ya lenzi ya 50 huongeza nusu ya ukubwa halisi. Unaweza pia kuigeuza lenzi, uso ukielekea kamera, kwa pete ya kugeuzia. Lenzi ya 50 iliyogeuzwa mara nyingi huwa kali kuliko ilivyokuwa imenyooka, ila kitako chake sasa kiko wazi kwa mvua na vumbi.

Njia ya tatu ni lenzi ya kukaribia inayofungwa mbele kama filta, yenye namba +1, +2 au +4. Gawanya milimita 1000 kwa namba hiyo upate umbali wa fokasi. +4 hukupa milimita 250. Ikifungwa kwenye lenzi ya 200, ukuzaji ni 0.8. Zenye kioo kimoja huacha kingo za zambarau. Zenye vioo viwili vilivyounganishwa ni bora zaidi na zinastahili kutafutwa.

Hatua ya 8: Filta, na zipi za kubeba

Filta za zamani hupatikana kwa vipenyo vya 49, 52, 55 na 58. Chagua kipenyo kimoja kikubwa, nunua pete za kupandishia kutoka vipenyo vidogo, na seti moja itatosha lenzi zote. Filta ikikwama, usiibane kwa nguvu, kwani unaikunja. Izungushie mpira wa bendi, ishike kwa viganja, iachie taratibu.

Kisha jiulize kama filta inafanya jambo ambalo kompyuta haiwezi. Filta za kupasha na kupoza rangi zilikuwa na kazi kwenye filamu. Kwenye RAW, mizani ya weupe imezichukua. Filta nyekundu ya picha nyeusi-nyeupe ina tatizo la pili. Kwenye sensa ya kawaida, kati ya pikseli nne mbili ni za kijani, moja ya bluu, moja nyekundu, hivyo filta hiyo huiacha robo tu ya sensa ikifanya kazi ya maana. Piga kwa rangi, kisha uifanye anga kuwa nyeusi baadaye.

Polaraiza haina mbadala. Huondoa mng'ao kwenye majani yenye maji, na kijani hurudi kikiwa kizito. Nguvu yake angani huwa kubwa kwenye pembe ya nyuzi 90 kutoka juani. Elekeza kidole cha shahada kwenye jua, nyoosha dole gumba, uzungushe mkono, na pale dole gumba linapopita ndipo anga litakapokolea. Kwa maji, athari ni kubwa ukiwa nyuzi 37 hivi juu ya uso wa maji. Itakula stopu moja na nusu hadi mbili, kila stopu ikiwa ni kupunguza mwanga kwa nusu. Polaraiza nyingi za kale ni za mstari, ambazo huzubaisha kipima mwanga na fokasi ya kamera zenye kioo. Kwenye kamera zisizo na kioo kwa kawaida hufanya kazi vizuri. Na kumbuka kuwa uso wa lenzi nyingi za zamani huzunguka unapofokasi. Fokasi kwanza, polaraiza baadaye. Usiondoe mng'ao wote pia. Mto usio na mng'ao hata kidogo huonekana kama umekauka.

Polaraiza ya mstari iliyofungwa mbele ya polaraiza ya duara, ile aina isiyozubaisha kipima mwanga, hukupa filta ya giza inayobadilika kwa kuzungusha. Ukiikaza sana rangi hugeuka bluu au zambarau, basi ishia kabla ya hapo.

Filta za giza zenyewe hupimwa kwa stopu: ND8 ni tatu, ND64 ni sita, ND1000 ni kumi. Picha ya sekunde 1/60 inakuwa ya sekunde 17 hivi kwa ND1000, muda wa kutosha kugeuza maporomoko kuwa moshi. Baadhi ya filta hizi, za zamani hasa, hupitisha infraredi, mwanga usioonekana kwa jicho, hata zinapozuia mwanga wa kawaida, na vivuli hutoka vya kahawia. Jaribu kabla ya kuitegemea.

Ya kufurahisha kuliko zote ni ya infraredi, kama R72, inayoanza kupitisha karibu na nanomita 720. Majani hai hurudisha infraredi kwa wingi, hivyo miti huwa myeupe na anga jeusi. Robert W. Wood alichapisha picha za namna hii mwaka 1910. Kujua kama kamera yako inaweza, elekeza rimoti ya televisheni kwenye lenzi na ubonyeze. Ukiona taa yake kwenye skrini, kuna matumaini. Kwa kuwa kamera ina kizuizi cha infraredi mbele ya sensa, utahitaji stendi na sekunde kadhaa hata adhuhuri, saa ambayo kwa picha nyingine haifai. Hapa lenzi ya zamani inaipita ya kisasa, maana nyingi zina nukta au mstari mwekundu kando ya alama ya fokasi. Fokasi kawaida, soma umbali, kisha usogeze umbali huo mpaka kwenye alama nyekundu, kwani infraredi hukutana mahali tofauti kidogo na mwanga unaoonekana. Weka mizani ya weupe kwa kupima nyasi. Lenzi nyingine huacha doa jeupe katikati ya picha, na hukolea unapofunga tundu. Lenzi hiyo iache kwa kazi nyingine.

Filta za kulainisha unaweza kuzitengeneza mwenyewe. Chukua filta kuukuu ya urujuanimno, paka mafuta mazito ya ngozi kwenye ukingo, uache katikati safi. Usithubutu kuyapaka kwenye lenzi yenyewe. Stokingi nyeusi iliyonyooshwa mbele ya lenzi nayo hulainisha nuru bila kufifisha vivuli sana. Filta ya nyota hugeuza kila tone la umande kuwa msalaba. Mimi huitumia mara chache sana, kwa kuwa baada ya picha tatu jicho linachoka.

Hatua ya 9: Kuunganisha

Filta moja kwa wakati. Kila filta huongeza nyuso mbili za kurudisha mwanga mbele ya lenzi ambayo tayari inasumbuliwa na mng'ao, na filta mbili kwenye lenzi pana huingia kwenye kona za picha. Piga picha ya kwanza bila filta, ya pili ukiwa nayo, fremu ileile. Bila ile ya kwanza huna cha kulinganisha. Infraredi na mzunguko wa Helios kwa f/2 ni jozi ninayoipenda, majani meupe yakizunguka. Polaraiza na mng'ao wa jua la mbele hazipatani. Moja inasafisha, nyingine inachafua.

Hatua ya 10: Daftari na kabati

Baada ya kila safari andika mstari mmoja kwa kila picha nzuri: lenzi, tundu, umbali, mahali jua lilipokuwa, filta. Mfano wangu mmoja unasomeka hivi: "58, f/2, mita 1, jua nyuma kulia chini, nyasi mita 6 nyuma, hakuna filta." Mwezi mmoja baadaye mstari huo unatosha kuirudia picha.

Lenzi ihifadhiwe pakavu. Unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 60 kuvu hupata nafasi, kwa hiyo kisanduku kinachofungwa vizuri, pakiti za silika jeli zinazobadilishwa zikilowa na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Mikoba ya ngozi iliyokuja na lenzi hutunza unyevu, basi iweke kando. Na mara moja moja zitoe lenzi gizani, zungusha pete zake zote, uzipitishie tochi.